Jinsi tulivyolinda kiinua mgongo cha Mama

Mama alipokaribia kustaafu ualimu, ushauri ulikuwa ule ule kila upande: pesa ikiingia, isikae. Anunue ploti, ajenge vyumba vya kupangisha, aingie kwenye matatu, afuge kuku. Mpaka leo naudhika nikikumbuka, maana karibu kila aliyesema hivyo alikuwa na ploti, gari au vifaranga vya kuuza. Mimi nilishikilia kinyume chake: pesa ya mstaafu ikae kwanza, tena mahali ambapo mwenyewe hawezi kuichomoa kwa simu usiku wa manane.

Tulianza benki, ile ile iliyopitisha mshahara wake miaka yote. Tulitaka akaunti ya muda maalumu. Afisa, kijana mwenye adabu, alimwita Mwalimu, akamletea chai, kisha akatoa fomu ya bima ya akiba ya miaka kumi. Alipe kila mwezi, na akivunja mapema akatwe. Nikamuuliza, huyu ana miaka sitini, mshahara umekoma na pensheni haijaanza kuingia, hayo malipo yatoke wapi? Akajibu, kwenye kiinua mgongo. Yaani pesa iliyo mkononi aimege kidogo kidogo, aje aipate ana miaka sabini! Mpango kama huo labda ungemfaa mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa na ana muda wa kungoja. Mama hakubishana. Alikunja fomu akaitia mkobani: "Nitaisoma nyumbani, mwanangu." Jioni hiyo, nyumbani mtaa wa Umoja, aliisoma kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mtihani, akapiga mstari chini ya kila kifungu cha makato. Hatukurudi.

Tukaenda kwa serikali yenyewe. Tangu 2023 Benki Kuu ya Kenya ina mfumo wa DhowCSD, wa mwananchi kuikopesha serikali kwa kununua hati na bondi zake, na unajisajili kwa simu bila dalali. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na akaunti ya benki yenye jina lako. Hapo kwenye jina pana kazi. Kitambulisho cha Mama kina majina matatu, akaunti ilikuwa na mawili, basi ombi likagonga mwamba mpaka benki iliporekebisha. Anzeni na majina. Halafu picha ya uso ya kujisajili: sebuleni ilikataa kabisa. Nikamtoa Mama kwenye roshani, akavua miwani, nikamshikia shuka jeupe nyuma ya kichwa huku majirani wakituangalia, ikakubali mara moja.

Hatukuweka zote. Pesa ya matumizi ya miezi kadhaa na ya dharura ilibaki benki, nayo tukaigawa benki mbili, kwa sababu benki ikianguka shirika la bima ya amana, KDIC, linamlipa mteja hadi shilingi 500,000 tu kwa kila benki. Akiba yake ya sacco hatukuigusa. Iliyobaki iliingia kwenye hati za serikali za siku 91. Unalipa pungufu ya thamani yake, siku zikiisha unapokea thamani kamili, faida ikiwa imekatwa kodi ya asilimia 15.

Utamu wa hizo siku 91 tuliuona mjomba alipokuja. Alifika Jumapili baada ya kanisa, na dalali wake, na picha za ploti ya Ruai kwenye simu. "Dada, zimebaki mbili. Kesho bei inapanda." Mama akamwongeza chapati. "Ndugu yangu, pesa imefungwa Benki Kuu." Mjomba akaniangalia. "Haiwezi kutolewa?" Kutolewa inawezekana, lakini kwa hasara, na Mama hakuona sababu ya kueleza hayo. "Mpaka siku ziishe," akasema, akamiminia dalali chai. Hakumkatalia ndugu yake, hakuna aliyenuna, na muda tukaupata. Mimi nikaomba namba ya hati miliki ya ploti ili tufanye upekuzi rasmi Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Dalali akasema namba hutolewa baada ya kulipa ya kushikilia ploti. Nikamwambia tutalipa tukishaiona hati miliki. Jumatatu nikampigia, hakupokea, na hajapokea tangu hapo. Mjomba mwenyewe baadaye alikuja kumwuliza Mama pesa inafungwaje hiyo Benki Kuu.

Simu nayo ilikuwa na mlango wazi. Laini ya Mama ya Safaricom ndiyo M-Pesa yake na ndiyo inayopokea namba za siri za benki, kwa hiyo tulibonyeza *100*100# ili namba yake isihamishiwe kadi nyingine ya simu na wakala yeyote mtaani. Fanyeni hivyo leo, hasa kwa wazazi, ni bure. Matapeli hupiga wakijua mwezi ambao mtu amestaafu. Sijui wanajuaje, ila walipiga. Mama ana kanuni moja: anayepiga akitaja namba ya siri, Mama anakata simu.

Siku 91 zilipoisha alikuwa ametulia, tukahamishia sehemu kwenye bondi ya serikali, ambayo inaanzia shilingi 50,000 na kulipa riba kila baada ya miezi sita. Ya kwanza ilipoingia alilipia karo ya mjukuu na hakumwambia mtu. Mdogo wangu naye amejisajili. Sasa ni zamu ya shangazi, anastaafu mwakani, na nimeshamtuma benki akalinganishe majina.