Kijiji chenye meya, hakina mkazi

Leo mchana nimepita Fleury-devant-Douaumont, kilomita chache kutoka mji wa Verdun, Ufaransa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa na watu 422. Kilikaa juu ya mgongo wa kilima, kwenye njia ya kuingilia Verdun. Hapo ndipo kilipoponzeka: kati ya Juni na Agosti 1916, Wafaransa na Wajerumani walinyang'anyana kijiji hiki mara 16.

Hakikujengwa tena. Udongo umejaa makombora ambayo hayajalipuka, kwa hiyo kilimo kikapigwa marufuku, ikapandwa miti. Kisheria, kijiji bado kipo. Meya wake huteuliwa na mkuu wa mkoa, maana hakuna wa kupiga kura.

Ukuta wa zamani hausimami hata mmoja.

Penye nyumba kuna vinguzo tu, vinavyoonyesha palikuwa kwa nani. Hapa palikuwa kwa mwoka mikate. Hapa kwa mhunzi.

Na katikati yake mashimo ya mizinga, yameota nyasi laini, huwezi kupata hatua tatu za tambarare.

Pale kwa mwoka mikate miguu ilikataa kuondoka.

Mkienda, msitoke njiani, na chuma chochote msikiguse.

Nani ameshafika? Mlisimama wapi zaidi?