Mihuri niliyoifuta kwa msasa

Kitako cha kwanza cha bunduki ya kijeshi nilichowahi kukisafisha, nilikiharibu mwenyewe. Kazi yangu ni samani, na mtu wa samani akiona mbao chafu, mkono hukimbilia msasa. Nilisugua jioni nzima. Mbao ikatoka safi, laini, na nikalala nimeridhika. Asubuhi nikakitazama kwenye mwanga nikitafuta mihuri midogo iliyokuwa ubavuni, ile ya wakaguzi wa kiwandani: taji, herufi, namba. Hakuna. Na bamba la shaba la kitakoni lilikuwa limechomoza pande zote, maana mbao imeliwa na msasa na shaba imebaki vilevile. Alama zilizodumu tangu Vita vya Kwanza vya Dunia nilizifuta kwa saa nne. Bado inaniuma.

Kwa hiyo hii ya pili nimeiendea polepole. Ni Lee-Enfield fupi, bunduki ya jeshi la Uingereza, ya Mk III (toleo la tatu), muundo wa mwaka 1907, mbao yake ni ya mjozi. Imeshazimwa, haiwezi kufyatua tena, lakini hata hivyo nilifungua chemba, pale risasi inapokaa, na kutazama kabla ya kushika bisibisi. Hilo silijadili na mtu.

Aina hii ina jambo moja la kuogopwa. Kitako kimeshikwa na boliti ndefu inayopita ndani yake, na ncha ya boliti hiyo ni ya mraba, imekaa ndani ya kibamba kilichomo kwenye mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu. Ukiizungusha kabla ya kuitoa mbao ya mbele, unaipasua. Nimeona mbao nyingi zenye ufa mahali hapohapo, na kila nikiuona najua mtu alikuwa na haraka. Mbao ya mbele kwanza, kitako baadaye.

Uchafu wenyewe haukuwa uchafu wa kawaida. Ni mafuta ya bunduki, jasho na vumbi la miaka mingi, vimezama hadi mbao imekuwa nyeusi karibu na chuma. Juu yake mmiliki fulani alipaka vanishi inayong'aa, ambayo jeshi halikuipaka kamwe kwenye bunduki hizi. Vanishi niliiondoa kwa dawa ya kutolea rangi na brashi laini. Kwa yale mafuta nilichanganya unga wa chaki na spiriti hadi ukawa uji mzito, nikaupaka, nikauacha ukauke. Ulipokauka ulikuwa umebadilika kutoka mweupe hadi rangi ya chai, kwa mafuta ulioyanyonya. Nikaufuta, nikapaka tena. Mara tano. Mara ya tano chaki ilibaki karibu nyeupe, na mistari ya mjozi ikaanza kuonekana.

Kisha yale mabonyeo. Upande wa kulia lilikuwepo moja la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, limezama vizuri. Mbao iliyobonyea haijapotea, nyuzi zake zimebanwa tu, na maji ya moto huzirudisha. Nililoanisha kitambaa cha pamba, nikakikunja, nikakiweka juu ya bonyeo, nikagusisha ncha ya pasi. Mvuke ukalia. Nikainua, nikapapasa kwa kidole: limepanda kidogo. Nikaloanisha tena. Kufika mara ya sita kidole kilipita juu yake bila kukwama, na nilibaki nakipitisha tu, huku na huku, kwa furaha. Palipokatika nyuzi mvuke hausaidii, na hapo nimepaacha.

Nimeacha pia kiraka. Chini ya kitako kuna kipande cha mbao kilichochongwa na kupachikwa kwa ustadi, kimeshikwa na vijiti viwili vya mbao badala ya misumari. Hiyo ni kazi ya fundi silaha wa jeshi. Rangi yake imetofautiana kidogo na mbao inayokizunguka, lakini maungio yamebana hivi kwamba ukucha hauingii. Mimi ninayeishi kwa kuunga mbao nimekitazama kiraka hicho kwa heshima. Kukisawazisha rangi kingekuwa sawa na kumfuta yule fundi.

Mwisho ni mafuta ya kitani, yale mabichi. Huchelewa kukauka kuliko yaliyochemshwa, lakini ndiyo askari waliyoyapaka kwa viganja vyao, na ndiyo yanayoipa mbao ile rangi nyekundu iliyotulia. Nachukua kidogo, nasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto, nasubiri nusu saa, nafuta kilichobaki juu. Kikibaki hugeuka kuwa utando unaonata. Halafu siku kadhaa za kungoja.

Na vitambaa, tafadhali. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushika hewa, na yakishika hewa hutoa joto. Kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe. Vyangu naviloweka kwenye ndoo ya maji kabla sijatoka chumbani.

Nimeshapaka mara nne. Mihuri yote ipo, na taji ya juu sasa inasomeka vizuri kuliko siku niliyoileta.