Mkondo Utatuchukua Sote

Swali la kwanza la ami yangu, nilipomwambia nataka kwenda Pemba kwa ubao wa tanga, lilikuwa nitavaa nguo ya rangi gani.

Ilikuwa Juni 2015. Tulikuwa Muyuni, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, kwenye kivuli cha mashua yake aliyoipandisha mchangani kuitia kalafati, vidole vyake vinanuka sifa, yale mafuta ya papa, na mbele yetu kisiwa cha Mnemba na mivinje yake. Nikamjibu nyeupe, kwa sababu ya jua. Akaendelea kusokomeza pamba kwenye mwanya wa mbao mpaka akaumaliza.

"Kusi likivuma bahari yote nyeupe, mwanangu. Nitakutafuta vipi kwenye mapovu?"

Jioni ile alinunua mita tatu za kitambaa cha rangi ya chungwa, kile kikali kinachoumiza macho, akampelekea mama. Mama akauliza cha nini. Ami akamwambia ukweli palepale, wala mimi sikuwa nimejipanga kumwambia bado.

Lazima nieleze Pemba ni nini kwetu. Mama ni mtu wa Mkoani, na bibi yangu mzaa mama alikuwa bado anaishi huko. Utotoni tulikwenda kwa meli kila likizo ya skuli. Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Nungwi na Pemba. Alfajiri ile ami alitoka na mashua pamoja na wavuvi wengine na vyombo vya wapiga mbizi, akarudi jua linazama. Mama alikaa pwani siku nzima na wanawake wenzake, na kilichomuumiza zaidi, kama anavyosema mpaka leo, ni kwamba hakuna aliyeweza kuwaambia mlikuwa na watu wangapi mle ndani. Kila redio na idadi yake.

Kwa hiyo mama alikuwa na sharti moja. Aliliweka akiwa ameshaanza kukata kile kitambaa. Alitaka karatasi: majina ya wote watakaotoka, rangi za matanga, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na saa ambayo yeye, bila kumuuliza mtu yeyote, atapiga simu KMKM, kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari. Tukaandika saa nane mchana. Akaibandika ukutani pembeni ya kalenda.

Wakati ule nilikuwa na miaka 23, nafundisha wageni windisafu pwani. Ubao wangu ulikuwa Mistral One Design, ule uliotumika kwenye Olimpiki za 1996, 2000 na 2004, urefu sentimita 372, tanga mita za mraba 7.4. Niliachiwa na mgeni mmoja Mfaransa, mtu mzima, aliyeona unanifaa mimi kuliko kuozea stoo. Vijana wengi wanaudharau ubao mrefu, wanataka ule mfupi unaoruka. Kwa safari ndefu wanakosea. Upepo ukilala, ubao mfupi unazama chini ya miguu yako na huna pa kukaa. Ule mrefu unabaki chombo: unakaa, unalala, unapiga kasia kwa mikono, na ukishusha mkuku wake wa katikati unakwenda joshi, yaani unaupanda upepo, hata ukiwa mdogo.

Mfaransa yule ndiye aliyenisimulia habari za mwenzao, Arnaud de Rosnay, aliyevuka Mlango-Bahari wa Bering kwa ubao wa tanga mwaka 1979. Novemba 1984 akatoka pwani ya China kuelekea Taiwan, peke yake. Hakuonekana tena. Aliponieleza nilikuwa kijana mdogo, nikasikia ushujaa tu. Nilipomsimulia ami, yeye alisikia jambo jingine. Akauliza: "Nani alikuwa anamwangalia?"

Mimi nilishachora njia yangu kwenye ramani: Nungwi mpaka Mkoani, mstari mnyoofu, kama kilomita 55. Ami akaweka kidole chake juu ya Nungwi akakiburuta kusini mpaka Muyuni. Tutaanzia hapa, akasema. Nikamwambia tunajiongezea safari. Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kuvaa viatu. Msimu wa kusi mkondo wa nje unakwenda kaskazini, haulali. Pemba iko kaskazini mashariki ya Nungwi. Ukianzia Nungwi, kila dakika mkondo unakutoa kwenye shabaha yako. Ukikikosa kwa kushoto Kisiwa Panza, kilicho ncha ya kusini ya Pemba, unaingia kwenye mlango-bahari wa Pemba, maji ya kilindi, na mbele yako hakuna kitu mpaka pwani ya Kenya. Ukianzia Muyuni uko juu ya mkondo. Ukichelewa, ukiharibikiwa, maji yanakusogeza kule kule unakokwenda. "Hiyo ndiyo akiba yako," akasema. "Akiba nyingine zote zinakaa kwenye madumu."

Siku ikachaguliwa kwa mwezi. Mimi nilitaka kusi kali la Julai, yeye akataka mwanzo wa Septemba, upepo umeanza kupoa, na maji mafu. Huku kwetu bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mafu ni kama mita moja tu, na mikondo ya kujaa na kupwa inapungua nguvu. Tena maji mafu asubuhi yanakuwa yanajaa, kwa hiyo tungetoka juu ya mwamba bila pezi kugusa matumbawe. Kwa bamvua, saa hizo hizo Muyuni unatembea kwa miguu mpaka kwenye mwamba.

Petroli ikagawanywa mafungu matatu: kwenda, kurudi, na kutafuta. Madumu manane ya lita 20, mashine ya nguvu za farasi 40 na ndogo ya akiba. Mwenzangu wa kazi, kijana wa Jambiani, naye alipata ubao mrefu wa kuazima. Mtoto wa ami angeshika usukani ili ami afanye kazi moja tu, kuangalia. Kibali kilituzungusha wiki mbili kwenye ofisi moja, na hilo niliache hapo.

Tulifanya mazoezi wiki sita. Kuzunguka Mnemba mara nne bila kushuka. Kufungua tanga majini na kulikunja. Kupandishwa kwenye mashua ukiwa umelegea kama mtu aliyezimia, jambo gumu kuliko nilivyodhani. Na jioni moja, tukiwa tumechoka, ami akatupa kanuni aliyosema ndiyo kubwa kuliko zote. Mkipoteana na mashua: simama, angusha tanga majini, ngoja. Msitutafute.

Mwenzangu akasema lakini mkondo utatuchukua.

"Mkondo utatuchukua sote," ami akajibu. "Wewe na mimi, sawasawa. Upepo ndio unaotenganisha watu." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Siku ile ya 2011, aliyekuwa juu ya godoro alisukumwa na upepo, aliyekuwa ndani ya maji alikwenda na mkondo. Watu walioshikana mikono usiku, wakaachana kidogo tu, asubuhi alikuwa anawaokota mmoja huku, mmoja kule. Akanyamaza. Akainuka kwenda kuangalia nanga ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Siku ya kwanza tuliyopanga, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya mita 2, tukalala. Siku mbili baadaye hali ikatulia. Saa moja u nusu asubuhi tukatoka.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri kiasi cha kutisha. Kusi linapiga begani kwa kulia, ubao unateleza juu ya migongo ya mawimbi, mkanda wa kiunoni umenasa kwenye kamba na uzito wangu wote umebebwa na tanga. Samaki panzi wanaruka mbele ya ubao, wanapaa, wanatumbukia. Mivinje ya Mnemba ikawa mstari, ikawa kivuli, ikazama. Tulikubaliana kila nikihesabu mia nigeuke nyuma nione mashua. Nilifanya hivyo kwa saa nzima na zaidi. Kisha upepo ukaongezeka kidogo, ukawa ule wenyewe, na nikaacha kuhesabu.

Sijui nilikwenda namna ile dakika ngapi. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na maji tu.

Saa ya mkononi ilionyesha saa tatu na dakika kumi na nne. Nilisubiri wimbi linipandishe, nikatazama tena. Hakuna tanga la mwenzangu, hakuna mashua. Unguja haionekani, Pemba haijaonekana. Mwili wangu wote ulitaka kugeuza ubao na kurudi nilikotoka, na nilikuwa nimeshaanza kuulalia mlingoti nibishe. Mkono ndio uliokumbuka mazoezi. Nikalilaza tanga upande wa joshi, likapiga maji, likatulia.

Tanga likiwa majini linashika kama nanga, na ubao ukageuka wenyewe kulielekea wimbi. Nikakaa katikati, miguu huku na huku. Ukiwa umesimama, bahari ina upana. Ukikaa, ina kuta. Kila wimbi lilikuwa linanifunika dunia, linanifungulia mara moja, linanifunika tena. Nikafungua kile kibendera alichokishona mama, chenye fimbo ya mwanzi, nikakishika juu. Nikapuliza filimbi mara tatu, nikaacha, mara tatu. Sauti ilikufa palepale karibu na mdomo. Simu ndani ya mfuko wake haikuwa na mtandao. Redio ya upepo, ile ya mawasiliano, tulikuwa nayo moja, na ilikuwa kwenye mashua. Hilo lilikuwa kosa la mpango wetu, na tangu siku ile sijatoka nje ya mwamba bila redio kifuani.

Nilikula tende moja. Kokwa nikaitupa majini, ikabaki pembeni ya ubao, inapanda na kushuka pamoja nami. Niliitazama kwa muda mrefu. Haikwenda mbele, haikubaki nyuma. Hapo ndipo niliyaona maneno ya ami kwa macho yangu: bahari nzima ilikuwa inahama kwenda kaskazini, na mimi na kokwa ile tulikuwa ndani yake tumekaa mahali pamoja. Na popote alipokuwa ami, naye alikuwa hivyo hivyo.

Mara mbili nilitaka kunyanyua tanga. Mara ya pili niliishika kabisa kamba yake. Nikaiachia.

Nilisikia mashine kabla sijaiona mashua. Ilitokea kusini, inakwenda upande huu kidogo, upande ule kidogo, na ami amesimama omo, mbele kabisa ya mashua, ameshika mlingoti kwa mkono mmoja. Aliponiona hakupunga. Alimwonyesha mwanawe kwa kidole na kidole hakikushuka mpaka walipofika. Dakika 34.

Kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti wa mwenzangu kwenye ubao kilikuwa kimekatika, wakasimama kumpandisha. Mwenzangu alikuwa amejikunja chini ya turubali, ameshakifunga kiungo cha akiba. Ami alinitazama uso, akanitazama mikono, akanipa maji.

"Uliacha kuhesabu," akasema.

"Niliacha, ami. Nisamehe."

"Lakini ulingoja. Nilifuata dira tuliyokubaliana, nikajua mbele yangu utakuwepo. Ungenitafuta ungetoka kwenye mstari, na mimi ningekuwa bado naufuata."

Kisha akasoma GPS. Kwa muda wote ule wa kusimama tulikuwa tumesogezwa kaskazini kilomita kadhaa, na Kisiwa Panza bado kilikuwa mbele ya kulia, pale pale tulipokihitaji. Ile akiba ya Muyuni. Tungeanzia Nungwi, saa ile tungekuwa tumeshakikosa, na safari ingeishia kwenye mashua. Akatuuliza mmoja mmoja kama tunaweza, na alimuuliza mwenzangu mara mbili. Tukashuka majini. Safari iliyobaki nilihesabu kwa sauti.

Pemba ilijitokeza kama moshi, kisha minazi, kisha rangi. Tulipoingia nyuma ya Panza wimbi lilikatika ghafla, maji yakawa ya kijani, upepo unakuja na joto la ardhi. Simu ikaanza kutetemeka kifuani wakati bado tunateleza kuelekea Mkoani. Nikakaa juu ya ubao nikaitoa kwenye mfuko kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Mama aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Hakusalimu.

"Wangapi?"

"Wanne, mama. Sote."

Akanyamaza, na nyuma yake nikasikia karatasi inabanduliwa ukutani.