Wakala ananiambia panya wameletwa na mapishi yangu

Nilimwandikia wakala wa nyumba ninayopanga hapa Leeds, Uingereza, kumweleza kwamba kuna panya jikoni. Majibu yamekuja jana: nipunguze vyakula vyenye harufu kali, nizingatie usafi, na bili ya fundi wa kuua panya, pauni 180, nilipe mimi. Naandika nikiwa bado na hasira. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria chafu hailali kwake, na jiko langu linafutwa kila usiku kabla taa haijazimwa. Leo kijana ambaye hajawahi hata kufungua kabati langu ananiita mchafu kwa lugha ya heshima.

Nasema hili kwa wapangaji wenzangu kutoka kwetu, maana wengi wetu tukiandikiwa barua ya namna hiyo tunaona aibu, tunalipa na kunyamaza. Msilipe kabla hamjaelewa panya anaingiaje.

Panya wa huku anaingia kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya tundu. Kuanzia Oktoba nje hakukaliki: mashamba yameshavunwa, majani ya kujifichia yamekauka, na ndani ya nyumba kuna mabomba ya moto yanayopita kila chumba. Panya mdogo wa nyumbani anapita penye milimita 6, yaani unene wa penseli. Kichwa kikishapenya, mwili wote unafuata. Mimba yake ni wiki tatu hivi, na kwa kawaida anazaa watoto watano hadi wanane kwa mpigo. Ukimsikia mmoja anakwaruza ukutani mwezi wa kumi na moja, usijipe moyo kwamba atatoka mwenyewe, kwa sababu hana anakokwenda mpaka joto lirudi.

Halafu ziangalieni nyumba zenyewe. Zile za matofali mekundu zilizoungana mtaa mzima, mnazoziona kwenye picha tunazotuma nyumbani, nyingi zina zaidi ya miaka 100. Sakafu ya chini ni mbao, na chini ya mbao ni uwazi. Ukuta unaotenganisha nyumba na nyumba una nyufa, dari za juu wakati mwingine hazijatenganishwa vizuri, na kila fundi aliyepitisha bomba au waya tangu wakati huo aliacha tundu lake. Usafi wa jikoni kwangu hauwezi kuziba ufa ulio nyumbani kwa jirani.

Tundu lenyewe nimeliona. Mlango wa pili anaishi mzee wa Kiingereza, fundi bomba mstaafu, ambaye kwa muda mrefu tulikuwa tunasalimiana tu kuhusu mvua. Aliposikia habari hii alikuja na tochi yake, akapiga magoti mbele ya sinki, akang'oa ubao ule wa chini ya kabati. Bomba la maji machafu lilikuwa nene kiasi cha dole gumba, lakini tundu lililolipitisha ukutani lingemeza ngumi. Ukingo wake wa chini ulikuwa mweusi, unang'aa, kwa mafuta ya manyoya ya panya wanaopita hapohapo kila siku. Pembeni kulikuwa na mavi makavu yamejaa kama punje za mchele. Hakuna chembe ya chakula pale.

Akaniambia sumu peke yake haisaidii, na kuna balaa juu yake: panya akifia ndani ya ukuta utaishi na harufu kwa wiki kadhaa, wakati dirisha hulifungui kwa baridi. Kwanza ziba. Alichukua nyuzi za chuma, ndugu na zile za kusugulia sufuria, akazisokomeza kuzunguka bomba kwa bisibisi mpaka zikakaza, ndipo akapaka saruji juu. Nyuzi tupu panya huzivuta. Povu lile la kupulizia linalovimba na kukauka, analitafuna. Nje akanionyesha matofali yenye vitundu karibu na ardhi, akanionya nisiyazibe kamwe, kwa sababu ndiyo yanayopitisha hewa chini ya sakafu na bila hewa mbao zinaoza. Hayo yanawekewa wavu wa chuma. Chini ya mlango wa nyuma, brashi ya kuziba upenyo. Nilipotaka kumlipa alikasirika kweli. Huyu mzee sijui nimlipe nini, na nataka watu wajue kwamba wapo wa namna yake huku.

Kwa haki niseme: chakula peke yake hakimleti panya, ila kinamkalisha. Unga na mchele uliobeba kwa viroba uhamishie kwenye ndoo ngumu zenye mfuniko, na mfuko wa taka usilale nje ya pipa. Ukiacha hovyo, mwenye nyumba ana pa kukushikia. Lakini kama tatizo ni jengo, sheria iko upande wako. Sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atengeneze kuta na sehemu za nje, na ile ya 2018 inataka nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Wadudu na panya wamo katika hatari zinazohesabiwa. Lalamika kwa maandishi, usipige simu tu. Weka picha zenye tarehe. Wakikuzungusha, nenda idara ya afya ya mazingira ya manispaa. Mimi nimemjibu wakala hivyo hivyo, na picha ya tundu nimemtumia.

Jingine ambalo wageni hawaambiwi: ile gundi ya kunasia panya tuliyoizoea, hapa England ni kosa kuitumia bila leseni tangu tarehe 31 Julai 2024. Usiagize, usibebe kwenye begi. Tumia mtego wa kubana, uutege ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea kando ya ukuta.

Na ukisikia kishindo cha mchana darini, huyo huenda ni kindi wa kijivu. Watoto wanampenda bustanini, lakini anatafuna nyaya za umeme, na ukimnasa, sheria hairuhusu kumwachia tena. Popo ni kinyume chake kabisa. Wanalala usingizi wa baridi takriban Novemba hadi Machi, hawatafuni mbao wala waya, na kuwasumbua au kuziba makazi yao ni kosa la jinai hata kama wakati huo hawamo. Ukiona dalili zao, usiguse kitu, mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi.

Kwa mnaokuja mwaka huu: nyumba nyingi mtaonyeshwa wakati wa kiangazi, zimepakwa rangi na zinanukia. Usitie saini kwa sababu ya zulia jipya. Fungua kabati la sinki, piga magoti, mulika nyuma ya mashine ya kufulia na chini ya boila, ule mtambo wa kupasha maji moto, kila panapopita bomba. Ukiona mwanya, upige picha hapohapo na udai uzibwe kabla ya kukabidhiwa funguo.