Nilikuwa nishanunua miche 1,280 kichwani, shimo likanikataza

Mimi hukaa Umoja lakini niko na ekari mbili huko nje, ukipita Ruai. Mwaka jana nikaona badala ya shamba kukaa bure nipande miti ya kuni, maana mahoteli na shule za huku Nairobi bado zinapikia kuni sana. Jamaa wa nasari ya miche akanipigia hesabu haraka haraka: blugamu (mikaratusi), mita mbili na nusu kila upande, ekari moja inabeba kama miche 640, ukikata kisiki kinachipuka chenyewe, hupandi tena. Tamu bana.

Aliyenizuia ni shosho jirani. Aliniambia, "Kijana wangu, huko chini maji hukaa. Chimba kwanza."

Basi Jumamosi nikaenda na mtarimbo na kijana wa kunisaidia, tukachimba mashimo manne ya mita moja, mawili juu karibu na barabara na mawili chini bondeni. Chini ni ile blaki koton yenyewe, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ikikauka nyufa zinameza mkono mpaka kiwiko, na ukifika kama futi mbili unaanza kukuta vijiwe vyeupe kama chaki. Nikavikamulia ndimu vikatoa povu, hiyo ni chokaa, na blugamu nyingi zikipandwa kwa chokaa majani hugeuka manjano mti ukadumaa. Halafu nikajaribu maji. Mtungi wa kwanza wa lita ishirini ulimezwa mara moja nikafurahi, kumbe ni nyufa tu zilikuwa zinakunywa, udongo ukavimba ukajifunga. Nikaongeza mitungi miwili jioni, asubuhi nakuta maji yameshuka kama vidole viwili tu na chura ameshahamia. Mizizi ingepumulia wapi hapo?

Juu ni udongo mwekundu, tulifika kiunoni bila kugonga mwamba na maji yaliisha usiku huohuo.

Kitu ingine ni mvua. Blugamu tunazoona zimenyooka vizuri ziko Limuru, kwa baridi na mvua ya kutosha. Huku kwetu ile ndefu ya Machi hadi Mei ikikosa, unabaki kuomba ile fupi, na kiangazi mchwa wanaanza na mizizi ya miche michanga. Na bondeni kuna kijito. Mimi nakumbuka 2009 Michuki akiwa waziri wa mazingira alivyoamuru blugamu zing'olewe kando ya mito, sitaki hiyo kesi.

Halafu barabara! Kuni ni nzito na bei yake ni ndogo, lori likikwama kwa ule udongo mvua ikinyesha, faida yote inaishia kwa vijana wa kusukuma. Hiyo hakuna mtu hukuambia.

Mwishowe bondeni nimeweka migunga ile ya gome la njano kama ya Naivasha, kwa sababu niliona imejiotea yenyewe mtaroni hapo karibu na imenawiri, na huo mti hauogopi maji wala blaki koton. Juu nimejaribu blugamu sitini za aina inayovumilia ukame, camaldulensis. Kumi na moja zimeliwa na mchwa tayari. Jamaa wa nasari bado hunipigia akiuliza ile 1,280 nakuja kuichukua lini.