Kila mwenye pumzi

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa.

Zaburi ya 150 imenikalia moyoni wiki nzima, hasa pale inapomaliza kutaja baragumu, kinanda na matoazi, kisha inamgeukia kila mwenye pumzi. Pumzi ndiyo inayozipungukia kwaya zetu.

Tazameni harmoniamu, kinanda kile cha mkono wanachopiga Wahindu kwenye bhajani na Masingasinga kwenye kirtani, yaani nyimbo zao za ibada. Asili yake ni Ufaransa. Alexandre Debain alikisajili Paris mwaka 1842, kikiwa cha kukanyaga kwa miguu, na wamisionari wakakifikisha India. Lakini huko waimbaji huketi chini, miguu imekunjwa. Ndipo Dwarkanath Ghose wa Calcutta akakiunda upya mwaka 1875: mivukuto ikahamia nyuma, ivutwe kwa mkono wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye noti.

Ndani mna ndimi nyembamba za shaba, na chini yake kiriba chenye springi. Mkono haupulizi ndimi moja kwa moja. Unajaza kiriba, nacho ndicho kinachogawa hewa kwa kipimo. Mpigaji mgeni akiona sauti ndogo husukuma kwa nguvu. Kiriba kinajaa kupita kiasi na sauti inaanza kuhema. Mzoefu husukuma kidogo kidogo, mapema, kabla hewa haijaisha, wala mkono wake haukimbizani na ngoma za tabla. (Noti ikinyamaza ghafla, mara nyingi ni vumbi: pitisha karatasi nyembamba chini ya ulimi, uivute taratibu. Ukiupinda ulimi, noti imeharibika.)

Wamonaki wa Solesmes, Ufaransa, waliofufua wimbo wa Kigregori, uimbaji wa kale wa Kanisa, katika karne ya 19, hawahitaji hata mivukuto. Mstari wa zaburi una nusu mbili, kati yake kinyota. Hapo kwenye kinyota wote hunyamaza na kuvuta pumzi pamoja. Mwisho wa mstari hawakawii. Upande wa pili wa kwaya unapokea mara moja. Silabi ya mwisho kabla ya kinyota huachwa ishuke yenyewe, kwa sababu ukiikaza, kimya kinamezwa.

Sasa, ndugu zangu wa wimbo wa katikati, ile zaburi ya kati ya masomo ya Misa, niseme wazi. Tunawasha mdundo wa kinanda cha umeme, na mdundo hauna mapafu. Hautungoji. Besi wanavuta pumzi katikati ya neno, soprano wanatweta hadi sauti inashuka, na Neno la Mungu linafika kwa waamini likiwa vipande. Hiyo si sifa, ni mbio! Bwana aliyempulizia Adamu pumzi ya uhai hataki tumrudishie kelele isiyo na pumzi. Mpiga kinanda, wewe ndiwe wa kuwafuata waimbaji.

Jumapili hii zimeni mdundo. Mpiga kinanda atoe noti moja tu, ya kuanzia, aishikilie mpaka kila mmoja aisikie, kisha aondoe mkono. Imbeni beti kwa sauti moja, bila kugawanyika sauti nne. Katikati ya kila mstari nyamazeni kwa muda wa kuvuta pumzi moja tulivu, mabega yasipande. Mwalimu wa kwaya asiashirie kuingia mpaka aliye dhaifu kuliko wote awe ameshavuta yake.