Nilivyoibandua picha ya Masaka kwenye kioo

Nimelitumikia Jeshi la Wananchi miaka 24, mingi kati yake nikiwa askari wa miavuli, nikastaafu nikiwa Afisa Mteule Daraja la Pili na kurudi kwetu Wete. Vijana hupenda kuniuliza habari za kuruka. Nawaambia: bana miguu, kunja magoti kidogo, tazama mbele. Ukiitazama ardhi, mguu wako utaikimbilia kabla ya wakati, na huo ndio mguu unaovunjika.

Lakini katika vita vya Kagera sikuruka hata mara moja. Mutukula hadi Kampala nilikwenda kwa buti zangu.

Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Tumo wanne, Masaka, siku chache baada ya kuuteka mji tarehe 24 Februari 1979. Wa kushoto kwangu aliuawa Lukaya mwezi wa Machi. Sijui picha yake nyingine popote duniani.

Niliitia kwenye fremu, ikagusana na kioo, nikaitundika miaka yote hiyo. Masika ya mwaka jana ukuta ulivuja, picha ikaganda kwenye kioo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa studio. Akaniambia bila hata kuishika: "Ipashe moto, kisha pitisha wembe." Nami nilikuwa na haraka, nikamtii. Nikainamia kioo kwa kikausha nywele cha mke wangu, nikaingiza wembe pembeni taratibu. Ukaenda kama ukucha mmoja hivi, nikafurahi. Halafu nikasikia mlio mdogo wa karatasi. Pembe ya chini kushoto ikabaki kwenye kioo, na kwenye pembe hiyo ndipo lilipo buti la yule mwenzangu. Niliweka wembe chini, sikula usiku ule. Mpaka leo fundi yule sijamsamehe, na wembe usiusogeze kwenye picha yako.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akisafisha picha kwa dawa zamani hapa Wete. Aliigeuza, akaipapasa karatasi nyuma, akasema: "Afande, hii imezaliwa majini. Irudishe majini." Akanionya maji yawe ya baridi, kwa sababu ya moto huyeyusha ule utando wenye sura.

Mjukuu wangu aliipiga kwanza kwa simu, juu ya kioo vile vile, tusije tukakosa yote. Nikakinga maji ya mvua, nikailaza kwenye beseni, kioo chini. Saa nzima kimya. Baada ya Isha ukingo mmoja ukainuka kama jani. Mkono uliniwasha kuvuta! Sikuvuta. Nilikaa nayo, nikiyatikisa maji kidogo kidogo, na karibu na alfajiri ikaachia yenyewe, ikaelea nzima isipokuwa ile pembe.

Niliikausha ndani juu ya kanga safi, uso juu, maana jua ni la karafuu. Ilipojikunja nikaibana baina ya karatasi nyeupe chini ya gunia la mchele, siku mbili. Fremu mpya ilinigharimu elfu kumi na kitu, na pembeni nimetia vipande vya karatasi ngumu ili kioo kisiiguse tena.

Kioo cha zamani sikukitupa. Nimekifunga kwa kitambaa, kimo sandukuni pamoja na bereti yangu, na buti la mwenzangu limo juu yake.